Briji Aliyoniletea Oduor

Jumatatu, 3 Machi

Pampu ya shule ya chekechea imerudi. Mara ya tatu. Niliwaambia gasketi ile ni mpira mbovu, wakanitazama kana kwamba nataka kuwala. Nimeifungua tena. Vikombe viwili vya chai, kidonge cha presha. Bega la kushoto linauma tangu alfajiri, kwa hivyo mvua haiko mbali.

Saa nne gari dogo jeupe likasimama langoni. Huku Nyamasaria gari likisimama kwangu huwa limebeba pampu. Akashuka mwanamke kijana, viatu vya ofisini, hana pampu. Sikumtambua mpaka alipotabasamu upande mmoja. Akinyi, binti wa Oduor aliyekuwa akiimba kwenye bendi yetu. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na sare ya shule ya msingi, amelala juu ya kasha la ngoma wakati sisi tukifanya mazoezi. Sasa ana kazi Milimani na funguo za gari.

Alikuwa na boksi mikononi. Akaniambia, "Uncle, hii tumepata kwa sanduku ya Daddy tukipanga nyumba. Iko na jina yako."

Tarehe 22 wanafanya ukumbusho wa mwaka mmoja tangu Oduor afe, nyumbani kwao Dunga. Maombi, chakula, halafu muziki. Onyango wa gitaa la rhythm anakusanya waliobaki. Akinyi akasema mamake amesema nikitaka kuja, nije na besi. Nikamuuliza mamake alisema nini hasa, neno kwa neno. Akasema ni hayo tu.

Hakukaa. Juu ya boksi kuna mwandiko wa Oduor, herufi kubwa zote: OCHIENG – BESI. Nimeliweka juu ya kabati. Sijalifungua. Sitaki.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifungua.

Ni briji. Ile sehemu ya chuma inayoshika nyuzi chini ya gitaa. Lakini hii si ya kawaida. Ni ya kutikisa. Bati zito, chini yake kipande kinachoingia ndani ya mbao, springi tano nene, na mkono wa chuma wa kushikwa na kiganja. Ukikandamiza mkono, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiuachilia, inarudi. Magitaa mengi ya solo yana kitu hiki. Ya besi sijawahi kuiona kwa macho yangu, na nina miaka sitini na mbili.

Imefungwa kwa shati lake la maua, lile la jukwaani. Nimelinusa. Nafthalini tu, ile ya kufukuza wadudu.

Niandike jambo hili sawasawa, maana nikifa binti yangu Atieno ataokota daftari hili na hataelewa. (Mamake hatalisoma. Kiswahili humuumiza mke wangu Risper kichwa, ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili.)

Katika muziki wetu wa benga mtu yeyote anaweza kuinua mkono katikati ya wimbo. Muziki unasimama. Anajisifu, au anamsifu rafiki yake, au shemeji yake, au ng'ombe wake. Tunaita pakruok. Akimaliza, muziki unarudi. Sasa, kuna ile nafasi kati ya neno lake la mwisho na muziki kurudi. Hiyo ilikuwa yangu. Nilipiga uzi mzito mara moja, nikabana mwili wa besi kwa kiwiko, nikaisukuma shingo kwa mkono wa kushoto mpaka sauti ikaanza kushuka, taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kiti. Ikifika chini bendi nzima inaingia. Watu walikuwa wanaisubiri hiyo. Wengine walijisifu ili tu waisikie.

Shingo ya gitaa haikutengenezwa kusukumwa. Ilipasuka mwaka wa tatu. Bega langu lilichukua muda zaidi.

Mara moja, tukirudi kutoka Siaya juu ya lori, tumekalia spika, Oduor aliniona nikijikanda bega. Akasema siku moja atanitafutia chuma cha kuifanya hiyo kazi. Nilimcheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeishusha besi kutoka darini. Buibui wawili, vumbi la miaka kumi na minane. Rangi nyekundu imebabuka mahali kiwiko kilipokaa. Shingo bado ina kile kiraka cha fundi wa mashua wa Dunga, gundi yake ya kuzibia maji na misumari midogo ya shaba. Alisema atakufa kabla ya kiraka chake. Kweli alitangulia.

Miaka kumi na minane. Tulikuwa studio, hapa mjini. Mtaalamu wa mitambo, kijana wa vipokea sauti masikioni, akasema besi inalewa. Akasema ile kushuka iondolewe, nipige moja kwa moja. Nilimgeukia Oduor. Nilikuwa na uhakika atacheka. Oduor akatazama sakafu. Akasema, tujaribu bila hiyo, omera, ndugu yangu.

Niliweka besi kwenye mfuko nikaenda nyumbani. Ndiyo hiyo tu. Hakuna aliyempiga mtu, hakuna aliyetukana. Niliudhika, nikaendelea kuudhika, na kuudhika kukawa kazi yangu ya pili baada ya ile ya kiwandani niliyokuwa nayo wakati huo.

Aliugua mwaka juzi. Nilisikia. Akafa mwaka jana mwezi huu. Nilisikia. Sikwenda kumzika.

Nilituma neno kwamba nina malaria. Sikuwa na malaria. Hapa kwetu utasamehewa wake za watu na ng'ombe wa watu, lakini kukosa mazishi ya mtu mliyekula naye sahani moja, hapana. Watu bado wananisalimia sokoni. Wananisalimia vizuri mno.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepima. Ili briji hii ikae lazima nitoboe mwili wa besi mpaka upande wa pili, halafu nichimbe chumba cha springi kwa nyuma. Shimo la upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Karatasi iliyokuja nayo ina michoro na mishale na mkasi uliochorwa. Mkasi. Kana kwamba nakata kitambaa.

Nikikosea hakuna kurudi. Hakuna besi nyingine. Ninaweza kununua nyingine, ndiyo, lakini haitakuwa na kiraka cha mtu wa mashua wala alama ya kiwiko changu.

Na nikipatia, je? Nitasimama mbele ya Mama Akinyi na nini? Huyu ndiye mwanamke aliyetupikia miaka kumi na mitano. Alitutuma mimi na mumewe bila kubagua. Ochieng, chota maji. Oduor, ondoa viatu hivyo. Ochieng, mlango unalia, huna mafuta? Hajanitamkia neno tangu mazishi. Anaweza kunifukuza mbele ya watu wote na hakuna atakayemlaumu. Mimi mwenyewe sitamlaumu.

Bado nataka kwenda. Nataka isikike siku moja, kwake, ile sauti. Nimesema.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa Risper aliona boksi mezani. Akasimama. Akaligeuza akatazama pande zote. Nikamuuliza kuna nini.

Akasema ndilo boksi lile.

Nikasema lile lipi. Akaniuliza kama nimesahau siku Oduor alipokuja hapa, mwaka ule aliporudi kutoka Ulaya na ile bendi ya watu wengi. Sijasahau. Nilimwona kupitia dirishani akifungua lango, nikaingia chumbani, nikamwambia Risper aseme sipo. Risper alisema sipo. Oduor alisimama pale uani karibu nusu saa akiongea na kuku, na mimi nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni.

Alikuwa na boksi kwapani, anasema Risper. Hakuliacha. Alisema atampa Ochieng mwenyewe mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Ungeuliza. Wewe hukuuliza alitaka nini."

Sijala. Najichukia leo. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa nimepanga kutafakari wiki nzima. Nimeacha kutafakari. Nimechukua besi, boksi na karatasi yake ya mkasi, nimekwenda kwa Harjit.

Karakana ya Harjit iko nyuma ya soko la Kibuye, ya babake, na ya baba wa babake kabla ya hapo. Tumeazimana vifaa miaka thelathini. Anaongea Dholuo kuliko wanangu. Ana drili kubwa ya kusimama na mashine ya kuchimba mbao. Aliigeuza besi, akabisha kwa kidole, akasema mbao ni kavu na nzuri na kuichimba itakuwa dhambi. Nikamwambia nina dhambi kubwa kuliko hiyo. Hakuuliza. Ana adabu.

Nilichora mistari kwa penseli mara nne. Nikapima kutoka mfupa wa juu unaoshika nyuzi hadi freti ya kumi na mbili, ile mistari ya chuma ya shingoni, nikazidisha mara mbili, nikapima tena. Shingo ya mtu wa mashua haiko sawa na ya karatasi, ilipungua kidogo alipoikata upya. Kama ningefuata karatasi ningekuwa nimetoboa mahali pasipo pake. Nilijivuna kidogo hapo.

Halafu Harjit akawasha mashine na mimi nikashika.

Mbao nyekundu ilitoka nyeupe ndani. Sikutarajia. Harufu yake ilijaa karakana, tamu, ya mbao ambayo haijaguswa tangu ilipokuwa mti.

Jumatano, 12 Machi

Patasi na msasa siku nzima. Chumba cha springi kimekaa. Mwenye chekechea amekuja kuulizia pampu. Nimemwambia kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Imekaa mahali pake. Skrubu sita, springi tano, mkono umeingia. Nikavalisha nyuzi mpya, nikaweka sauti kwa sikio kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Haifai kitu.

Briji imelala chali. Ilitakiwa ikae sambamba na mwili, nyuzi zivute huku, springi zivute kule, zipatane katikati. Springi zimeshinda. Bati limeinama nyuma mpaka limegusa mbao, nyuzi zimeshuka juu ya freti na kila noti inanguruma kama nzi ndani ya chupa. Mkono mgumu. Ili sauti ishuke ilibidi niukandamize kwa uzito wangu wote, na bega likaniambia acha.

Nimesoma karatasi tena. Springi tano kwa besi, wameandika. Tano nimeweka.

Nimeipasua besi yangu bure.

Jumatatu, 17 Machi

Siku tatu. Nimelegeza ile ndoano inayoshika springi, nikakaza, nikalegeza. Nimebadilisha nyuzi kwa nyingine nene zaidi. Nimepaka grisi. Nimetukana. Mvua imeanza, bega halilali.

Nilimpigia Onyango simu nimwambie siji, atafute mtu mwingine wa besi. Hakushika. Nilifurahi hakushika, kisha nikakasirika kwamba nimefurahi. Pampu ya chekechea bado iko wazi mezani. Watoto wanachota maji kwa jirani kwa sababu yangu. Risper ananipitia mbali.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimejifunza kitu juu ya nafsi yangu na sijui nikiweke wapi.

Nilirudisha patasi kwa Harjit, nikabeba na besi ili anione mjinga ana kwa ana. Akasema niweke sauti mbele yake. Nikaweka. Akatoa simu yake, ina programu ya mjukuu wake ya kuonyesha noti. Akaisogeza karibu na uzi. Akakunja uso. Akasema huu uzi mzito si E, noti yake ya kawaida.

Nikamwambia simu yake ni mbovu. Nimeweka nyuzi kabla simu hiyo haijazaliwa. Akanionyesha. Uzi ulikuwa umeshuka chini ya E, nusu noti tatu nzima. Nyuzi zote nne hivyo hivyo, zimeshuka sawasawa, zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Nyuzi zimelegea. Ndiyo sababu springi zinashinda. Springi tano ni za mtu anayeweka E mahali pa E.

Nikasema ninaweka kama tulivyoweka siku zote. Harjit akasema, "Unaguna kwanza. Hujijui? Unaguna mmm, ndio unazungusha."

Nilikaa kwenye debe la mafuta.

Hatukuwa na chombo chochote cha kutupa noti. Asubuhi, kabla ya chai, Oduor alikuwa na sauti nzito ya mtu ambaye bado hajaamka vizuri. Aliguna mara moja na sisi tukafunga nyuzi zetu hapo, kwa sababu alisema akiimba kutoka hapo koo halimchoki mpaka jioni. Bendi nzima ilikaa kwenye koo lake. Hatukuliita chochote. Nilidhani ndiyo sauti ya besi. Miaka yote hii nilikuwa nimemkasirikia, na kila nilipogusa chombo chochote chenye uzi nilianza kwa kuguna kama yeye.

Harjit alikwenda kuangalia kitu nje. Hakukuwa na kitu nje.

Alhamisi, 20 Machi

Nilijaribu njia ya karatasi kwanza, niwe mtu wa haki. Nilipandisha nyuzi mpaka simu ya Risper, niliyoiwekea programu kama ya Harjit, ikasema E. Briji ikainuka, ikakaa sambamba, mkono ukawa laini. Kazi safi kabisa. Halafu nikapiga ule wimbo wetu na ikawa besi ya mtu mwingine. Shingo nayo ikalia kwenye kiraka, mlio mdogo, ule wa mlango.

Nikashusha tena. Nikaguna, safari hii nikijua. Nikafungua chumba cha nyuma, nikatoa springi moja, nikazipanga nne zilizobaki, nikalegeza ndoano mizunguko miwili, nikaweka sauti tena, nikalegeza nusu mzunguko. Uzi mmoja ukikaa, wa pili unahama. Saa tatu nzima za kubembelezana. Saa nane mchana briji ikasimama sambamba.

Nikapiga uzi mzito. Nikaweka kiganja juu ya mkono wa chuma, kama mtu anayemshika mwenzake begani. Ikashuka. Taratibu, mpaka chini, ikakaa. Nikaachilia ikarudi pale pale.

Risper alikuwa anaosha vyombo nje. Mikono yake ikasimama kwenye maji. Alicheza sana zamani, huyu mwanamke.

Onyango alikuja jioni na gitaa lake. Amenenepa. Nikamwambia tunaweka wapi, akasema anajua tunaweka wapi. Akinyi ndiye ataimba. Onyango ana wasiwasi kwamba ni chini mno kwa msichana. Nilisema ataimba juu yake. Pampu ya chekechea nimeimaliza pia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimenyoa. Nimepiga pasi shati. Si lile la maua, sina haki nalo.

Naogopa Mama Akinyi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi saa moja. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Watu wengi. Mahema mawili, ziwa nyuma yake, kijani kwa magugu, akina mama wa samaki wameacha karai zao kandokando ya njia wakaja na leso zao. Kaburi limewekwa vigae. Nilikwenda moja kwa moja, nikasimama hapo. Sikujua la kufanya na mikono. Jina lake, tarehe mbili. Nilisema samahani kwa sauti ndogo, lakini kumwambia mtu aliyelala ni rahisi, hata mwoga anaweza.

Mama Akinyi alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa nyeupe. Mwili umepungua. Nilipopita nikainamisha kichwa, nikamwita Min Akinyi kama zamani. Aliangalia besi. Hakuniangalia mimi. Sikufukuzwa. Hiyo ndiyo yote niliyopata asubuhi.

Maombi yalikuwa marefu. Chakula kikaliwa. Tukaanza kama saa tisa, jua kali baada ya mvua. Onyango, mpiga ngoma aliyebaki, mimi, na Akinyi mbele. Ubeti wa kwanza aliogopa. Wa pili akapata njia yake, juu, na sisi chini mahali pa babake. Wazee wakainuka kwanza. Halafu kila mtu.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa binamu mmoja wa Oduor, mtu wa Nyakach. Tukasimama. Akajisifu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Oduor kuogelea na kwamba Oduor hakujifunza. Watu wakacheka. Akamaliza. Nafasi yangu. Nikapiga, nikakandamiza. Ikashuka. Mtu mmoja kule nyuma akasema "yawa", yaani jamani, polepole, na najua kwa nini. Bendi ikaingia.

Wanne, watano wakainua mikono. Kila mara ikashuka vizuri. Bega halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alilifikiria bega langu huko Ulaya, kwenye duka fulani, wakati hatuongei. Alilibeba boksi zito hilo kwenye ndege.

Kisha mikono ikaisha. Wimbo ukawa unazunguka tu. Nikainua wangu.

Mpiga besi hainui mkono. Hajawahi. Onyango alinitazama kama nimevua suruali. Lakini mkono ukiinuliwa lazima muziki usimame, hiyo ndiyo sheria, na ukasimama.

Nikasema kwa Kiswahili, maana kwa Dholuo ningelia. Nikasema, "Mimi Ochieng wa besi. Mimi ndiye sikumzika Oduor. Sikuwa mgonjwa. Alikuja kwangu na hii chuma mkononi, nikajificha kwa chumba. Sina sifa ingine."

Watu huitikia pakruok. Hupiga makofi, huongezea neno. Hakuna aliyeitikia. Nilisikia turubai la hema likipiga. Ilikuwa zamu yangu kushusha sauti ili muziki urudi, na sikuweza. Mkono wa chuma uko pale, kiganja kiko juu yake, na hakisogei. Nilifikiri nitaweka besi chini na kutembea mpaka Nyamasaria.

Mama Akinyi akainuka. Akainua mkono, akangoja sekunde kama kila mtu anavyofanya, ingawa hakukuwa na muziki wa kusimamisha.

Akasema kwa Kiswahili pia, wageni wa Nairobi wasikie. "Mimi nyar Seme, msichana wa Seme, bibi ya Oduor. Siku ya matanga mimi ndiye niliweka sahani ya Ochieng kando. Nikafunika. Mpaka kesho yake ikakuwa imelala, nikapea mbwa." Hakuwa analia. Alikuwa na hasira, hasira safi, ya mwaka mzima. Halafu akasema, "Haya, cheza. Watu wamesimama kwa jua."

Nilikandamiza. Sijui ilishuka muda gani. Sikuiona, macho yalikuwa yamejaa. Nilisikia tu ngoma ikiingia na Akinyi akiinua sauti juu yetu sote.

Baada ya hapo hakuniambia kitu tena. Alikuwa na wageni. Nilikunja nyaya, nikaondoka na Onyango.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nililala mpaka saa tatu. Risper ameniletea uji kitandani, jambo ambalo halijatokea tangu nilipotolewa kidole tumbo. Anasema watu wa soko wameshapata habari. Wengine wanasema nilimdhalilisha mjane. Wengine wanasema afadhali nilisema. Mimi sijui. Naiona tu ile sahani iliyofunikwa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua tangu asubuhi. Vyuma vyote vya uani nimevifunika.

Saa tano simu ikalia, namba siijui. Mama Akinyi. Nilisimama wima kama niko mbele ya mwalimu. Hakuuliza hali yangu. Hakutaja Jumamosi. Alisema bomba la jikoni linavuja tangu Januari, fundi aliyeitwa na Akinyi ameliharibu zaidi, na ndoo imejaa, na yeye hana nguvu ya kumwaga ndoo kila saa. Akasema nije na spana zangu mwenyewe, za Oduor zimeota kutu. Akasema nisije nimeshiba.

Hakuomba. Aliniagiza tu, halafu akakata.

Nimemwambia Risper. Akacheka mpaka akakaa. Nimepanga spana mbili, tepu ya bomba, msumeno mdogo. Mvua ikipungua natoka.

Imepungua.